Mshukiwa, mtuhumiwa, mshtakiwa: shaka inaishia wapi na hatia inaanzia wapi?

Kila wiki hapa Arusha inatoka habari ya aina ile ile, "Jeshi la Polisi linamshikilia mtu mmoja kwa tuhuma za..." na kabla hujamaliza kuisoma kule chini komenti zishajaa, mmoja anataka anyongwe, mwingine anasema sura yake tu inaonesha, mwingine anauliza "si huyu alikamatwa juzi, mbona nimemuona soko la Kilombero ananunua nyanya, kahonga nani?" Sidhani kama watu wetu wana roho mbaya. Naona tumechanganya maneno. Shaka, tuhuma, mashtaka, hatia, afu na watu wake, mshukiwa, mtuhumiwa, mshtakiwa, mahabusu, mfungwa, yote tunayasikia kama neno moja tu, "mwizi", au "muuaji", kutegemea na habari ya siku hiyo. Na hili sio suala la sarufi jamani, kuna watu wameshapigwa mpaka kufa kwa sababu mtu mmoja alikuwa na shaka na mwingine akasikia hatia.

Kwa hiyo tuyatenganishe, polepole.

Tuanze na shaka yenyewe maana ndo mama wa haya mengine yote. Shaka ni kutokuwa na uhakika na mtu au jambo mpaka ukashindwa kuliamini. Angalia inakaa wapi: inakaa kichwani kwa anayeshuku. Nikisema "nina shaka na yule fundi" nimetoa habari zangu mimi, za fundi bado sijasema kitu. Ndo maana tunasemaga "namtilia shaka", yani mimi ndo nachota kwangu namtilia yeye, na inawezekana kabisa yeye hana habari anaendelea na kazi zake. Wasiwasi ni jirani yake ila sio yeye, mtoto akichelewa kutoka shule unakuwa na wasiwasi bila kumshuku mtu yeyote. Dhana ni makisio tu, unadhani. Na mashaka kwa wingi yana pia maana nyingine ya tabu na shida, mtu akikuambia "nimeishi maisha ya mashaka" anakueleza dhiki aliyopitia, hajasema kwamba watu walikuwa wanamshuku.

Sasa shaka sio dhambi na sitaki mtu asome hapa akaelewa hivyo. Wahenga walisema wasiwasi ndio akili na kwa maisha ya sasa hivi walisema kweli tupu. Ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii" imewala wangapi? Ina nguvu kwa sababu inamkuta mtu ambaye kweli anadaiwa kodi au ada, anaona imeandikwa kwa haraka haraka kama mwenye nyumba anavyoandikaga, anatuma. Aliyesimama sekunde kumi akajiuliza "hii namba mbona siijui" ndo aliyepona. Ukiwa na shaka unapiga simu ya namba unayoijua, unahesabu chenji kabla hujashuka, unafunga mlango kwa komeo, unamwambia fundi nitakulipa ukimaliza. Hayo yote ni haki yako na hayamuumizi mtu. Shida inaanza pale shaka inapotoka kichwani kwako ikapata sauti.

Ikipata sauti inaitwa tuhuma. Tuhuma ni shaka iliyotamkwa, umesema mbele ya watu au polisi kwamba fulani amefanya kitu fulani. Hapo ndo mtu anakuwa mtuhumiwa. Mshukiwa na mtuhumiwa magazeti mengi yanayatumia kwa mtu yule yule, Kenya wanapenda zaidi mshukiwa na sisi huku tumezoea mtuhumiwa, na wala sio ugomvi, ila ukitaka kuwa makini mshukiwa ni yule ambaye macho yako kwake na mtuhumiwa ni yule ambaye kidole kimeshanyooshwa.

Niliwahi kumuelezea jamaa mmoja hivi akaelewa mara moja: chukua Hiace inayotoka Usa River kuja mjini. Shaka ni kupanda pale Usa. Tuhuma ni Tengeru. Mashtaka labda ni pale Philips, na hatia ndo stendi ya mwisho. Abiria wengi hawafiki mwisho, kuna anayeshuka Tengeru kwa sababu polisi wamemhoji wakaona hakuna kitu, kuna anayeshuka njiani kwa sababu mashahidi hawakutokea au ushahidi haukutosha, na wanaofika mwisho ndo hao wanaoitwa wakosaji kisheria. Sisi huku mtandaoni tunachofanya ni kumuona mtu anapanda gari Usa halafu tunatangaza kafika mjini. Hapana, hajafika, na hujui kama atafika.

Twende kituo kwa kituo basi.

Polisi hawatakiwi kumkamata mtu kwa sababu tu hawapendi sura yake, sheria inataka wawe na sababu za msingi za kumshuku. Neno hapo ni kushuku, hawatakiwi kuwa na uhakika, maana uhakika ndo wanaenda kuutafuta. Kwa hiyo kukamatwa kunamaanisha hivyo tu, kwamba kuna sababu ya kuuliza maswali. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inatoa masaa 4 ya msingi ya kumhoji mtu akiwa chini ya ulinzi, yanaweza kuongezwa kwa utaratibu, na kwa makosa mengi kanuni ni kwamba ndani ya masaa 24 awe amefikishwa mahakamani au apewe dhamana ya polisi. Kwa makosa yenye adhabu ya kifo sheria inasema afikishwe mapema iwezekanavyo. Kwa hiyo unapomuona mtu aliyekamatwa jana anatembea mtaani leo, kabla hujasema kahonga, jua kwamba kupewa dhamana ndo sheria inavyotaka kwa makosa mengi. Rushwa ipo, siwezi kuikataa, ila kumuona tu mtu nje sio ushahidi wa rushwa.

Dhamana nayo imebebeshwa maana isiyo yake. Wengi wanaamini dhamana ni kununua kesi, ukilipa imeisha. Dhamana ni ahadi ya kurudi. Wadhamini wanasaini kwamba huyu mtu atafika tarehe tutakayopangiwa, asipofika wao ndo wanabanwa. Kesi iko pale pale haijapungua hata nukta. Na kuna makosa ambayo sheria yetu haitoi dhamana kabisa, mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, utakatishaji fedha, ugaidi, na baadhi ya makosa ya dawa za kulevya. Mtu akishtakiwa kwa hayo hapa kwetu anapelekwa gereza la Kisongo hata kama hajawahi kuiba sindano.

Na hapa Kisongo tukae kidogo maana wengi wanakosea vibaya sana. Ndani ya gereza moja kuna watu wa aina mbili. Kuna mfungwa, huyo kesi yake imeisha, amekutwa na hatia, anatumikia kifungo. Na kuna mahabusu, huyo kesi yake haijaisha, wengine hata haijaanza kusikilizwa, yuko ndani kwa sababu kosa aliloshtakiwa nalo halina dhamana au amekosa wadhamini wa kukidhi masharti. Mahabusu kisheria bado hana kosa. Nimesikia mama mmoja kwenye msiba anasema "angekuwa hana kosa asingekaa ndani miaka miwili", na watu wakaitikia. Kukaa ndani miaka miwili kunaonesha upelelezi au kesi imechukua miaka miwili. Basi. Hakuna kitu kingine kinachoonesha.

Ile sentensi ya kwenye magazeti pia inawapotezaga watu, "mshtakiwa hakutakiwa kujibu chochote kwa kuwa mahakama hiyo haina mamlaka ya kusikiliza kesi hiyo." Kuna watu wanaisoma wanaelewa kwamba kanyimwa kusema, wengine wanaelewa amekaa kimya kwa sababu hana la kusema. Maana yake ni ya kiutaratibu kabisa. Kesi kama ya mauaji inasikilizwa Mahakama Kuu, lakini mtu anapelekwa kwanza kwa hakimu asomewe shtaka wakati upelelezi unaendelea. Yule hakimu hana mamlaka ya kumuuliza umekubali au umekataa, ndo maana hajibu. Ukimya wake pale haumaanishi kitu chochote, sio ndiyo na sio hapana.

Akishasomewa shtaka sasa ndo anaitwa mshtakiwa. Tofauti na mtuhumiwa ni kwamba Jamhuri kupitia ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka, DPP, imeliweka lile dai kwenye karatasi, kosa gani, lilifanyika lini, wapi, chini ya kifungu gani. Ni hatua kubwa lakini bado ni upande mmoja unaongea. Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa jinai kutendewa kama mkosaji mpaka ithibitike kwamba anayo hatia. Haki hizi hazikuwemo tangu mwanzo, ziliingizwa na mabadiliko ya mwaka 1984. Yani kuna watu walikaa chini wakaona nchi haiwezi kwenda bila hili liandikwe.

Sasa tunafika penyewe, sehemu ambayo shaka inarudi tena na safari hii inafanya kazi upande mwingine.

Mahakamani kwenye jinai anayetakiwa kuthibitisha ni anayeshtaki. Mshtakiwa hatakiwi kuthibitisha kwamba hajafanya. Anaweza kukaa kimya mwanzo mpaka mwisho na Jamhuri ikishindwa kuthibitisha anaondoka. Kiwango cha kuthibitisha ndo kile tunachokisikiaga, "bila kuacha shaka". Kule mtaani shaka ilikuwa inamuangukia anayeshukiwa, mtu akitilia shaka basi wewe ndo unaumia. Ndani ya chumba cha mahakama shaka ikibaki inaangukia upande unaoshtaki, na mshtakiwa ndo anafaidika nayo. Neno lile lile, limegeuka.

Ila "bila kuacha shaka" nayo inaeleweka vibaya, kuna watu wanadhani ina maana shaka ya aina yoyote hata ya kubuni inamtoa mtu. Hapana. Inayozungumziwa ni shaka yenye mashiko, ambayo mtu mwenye akili timamu akiangalia ushahidi wote anaiona. Shahidi anasema alimtambua mwizi saa nane usiku: kulikuwa na mwanga gani, alikuwa umbali gani, alimuona kwa muda gani, alikuwa anamjua kabla, alimtaja jina mapema au alikaa wiki mbili ndo akamkumbuka? Majibu yakiwa legelege hapo kuna shaka ya kweli. Lakini kusema "labda kuna mtu wanafanana kama mapacha alikuja kutoka mbali akafanya afu akaondoka" bila chochote cha kuishikilia, hiyo ni hadithi tu na mahakama haimtoi mtu kwa hadithi.

Kesi za madai zina kiwango kingine, za shamba, za mkopo, za mpaka wa kiwanja. Kule anayeaminika zaidi kuliko mwenzake ndo anashinda, haihitaji kuondoa shaka yote. Ndo maana mtu anaweza kushinda jinai halafu akashindwa madai kwenye jambo lile lile, na watu wakasema mahakama zinajichanganya. Hazijajichanganya, zimeulizwa maswali mawili tofauti.

Sasa ile ya mtu kuachiwa. Hapa nako kuna njia tofauti na magazeti wakati mwingine yanaziweka kwenye kichwa cha habari kimoja, "aachiwa huru". Kuna kuachiwa baada ya kesi kusikilizwa na mahakama kusema hana hatia, huyo kamaliza, labda Jamhuri ikate rufaa. Na kuna kuachiwa kwa sababu DPP ameonesha hana nia ya kuendelea na kesi. Huyu wa pili mashtaka yamefutwa ila hakuna aliyesema hana hatia, na sheria haijafunga kabisa mlango wa kushtakiwa tena. Ndo maana unasoma habari asubuhi mtu kaachiwa na jioni unasoma kakamatwa tena akiwa bado nje ya lango la mahakama, na familia inalia. Ukijua hii tofauti angalau unaelewa kilichotokea hata kama kinauma.

Sisi wa Arusha kwa kweli tulitakiwa kuwa walimu wa hili jambo kwa Afrika nzima. Baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ya mwaka 1994, ambayo yaliua mamia ya maelfu ya watu, Umoja wa Mataifa uliunda mahakama ya kuwashitaki waliohusika na ikawekwa hapa hapa mjini, kwenye majengo ya AICC, kile kituo cha mikutano ya kimataifa. Wengi wetu tuliiita tu Mahakama ya Rwanda. Ilifanya kazi mpaka mwisho wa mwaka 2015, na taasisi iliyorithi kazi zake ikajengewa ofisi Lakilaki. Watu 93 walifunguliwa mashtaka. Mwaka 1998 ikatoa hukumu ya kwanza kabisa ya mahakama ya kimataifa kwa kosa la mauaji ya kimbari, dhidi ya Jean-Paul Akayesu aliyekuwa meya wa Taba. Wengi walikutwa na hatia na wakafungwa. Na watu 14 waliachiwa kwa kukosekana hatia.

Mmoja wao ni Protais Zigiranyirazo, shemeji yake aliyekuwa rais, Juvénal Habyarimana. Desemba 2008 alihukumiwa miaka 20. Yeye alikuwa anasema siku zile hakuwepo kwenye maeneo yanayotajwa, alikuwa sehemu nyingine. Novemba 2009 majaji wa rufaa wakafuta hukumu, wakasema kabisa kwamba makosa aliyoshtakiwa nayo ni mazito mno na kwa uzito huo yalihitaji uchambuzi wa umakini wa hali ya juu, lakini majaji wa kwanza walikosea sheria kuhusu nani anatakiwa kuthibitisha nini. Mtu akisema "sikuwepo" hatakiwi kuthibitisha kwamba hakuwepo, inatosha akiibua shaka yenye mashiko, na anayeshtaki ndo anatakiwa aiondoe hiyo shaka. Waliopoteza ndugu zao Rwanda hukumu kama hii iliwauma sana, na nawaelewa, sitaki kulichukulia hilo kirahisi hata kidogo. Lakini ndo kipimo chenyewe. Kama kinalegezwa kwa kosa kubwa basi kwa kosa dogo la kuku wa jirani hakitakuwepo kabisa.

Kilichofuata ndo kinanigusa zaidi kwa sababu kinahusu shaka ambayo hukumu haikuweza kuifuta. Walioachiwa hawakuwa na pa kwenda. Kurudi Rwanda wenyewe walisema wanaogopa, na nchi nyingine nyingi hazikutaka kuwapokea. André Ntagerura aliyekuwa waziri wa uchukuzi aliachiwa mwaka 2004, rufaa ikathibitisha 2006, na bado akaendelea kuishi kwenye nyumba chini ya uangalizi hapa Arusha miaka na miaka, sio mfungwa, sio mtu huru wa kweli. Desemba 2021 watu 8, wengine walioshinda kesi na wengine waliomaliza vifungo vyao, wakapelekwa Niger kwa makubaliano na Umoja wa Mataifa, na mwezi ule ule Niger ikatoa amri waondoke. Mahakama inaweza kukuondolea hatia lakini haina uwezo wa kuingia vichwani kwa watu ikafuta shaka. Hiyo kazi imebaki kwetu.

Na huku kwetu tunaifanyaje? Kuna kijana wa bodaboda namfahamu, kijiwe chake kipo maeneo ya Unga Limited. Aliitwa kituoni atoe maelezo kwa sababu usiku mmoja alimbeba abiria ambaye baadae alikuja kukamatwa na vitu vya wizi. Yani aliitwa kama shahidi. Mtu akampiga picha akiwa anaingia getini, kofia ngumu mkononi, ikarushwa kwenye grupu la mtaa na maneno "kumbe na huyu yumo". Mpaka jioni picha ilikuwa kwenye magrupu manne na kwenye la nne maneno yalikuwa yameshabadilika yanasema "genge la majambazi lakamatwa". Alitoka kituoni baada ya kama saa moja hivi, akarudi kijiweni. Wateja wake wa asubuhi, wale wa kuwapeleka watoto shule, wakaanza kuaga mmoja mmoja kwa sababu nzuri nzuri, "mtoto siku hizi anaenda na shangazi yake". Mwenyekiti wa kijiwe akamuomba apumzike mpaka mambo yapoe. Aliyerusha ile picha hakuifuta wala hakuandika tena kitu, na nikimsikia mtu anasema lisemwalo lipo namkumbuka yule kijana. Methali ina utamu wake ila hapa lilisemwa na halikuwepo.

Majumbani nako ni hivyo hivyo. Hela imepotea kwenye droo, wa kwanza kupekuliwa ni dada wa kazi. Begi lake linamwagwa sebuleni mbele ya watoto, kitenge, mafuta ya nywele, kitambulisho, elfu thelathini aliyoitunza kwenye soksi, na ile elfu thelathini inageuka ushahidi hapo hapo, "umeitoa wapi?" Mshahara wake anaulipa nani kama sio sisi wenyewe? Mama mwenye nyumba ana haki ya kuwa na shaka, hela yake imepotea kweli. Ana haki ya kuuliza kila mtu ndani ya nyumba, pamoja na mtoto wake wa kidato cha tatu na shemeji aliyekuja wikiendi. Anachokosea ni kuanza na jibu halafu kutafuta begi la kulithibitisha.

Kuna jambo moja ambalo watu hawalijui kuhusu wale tunaowaita "wananchi wenye hasira kali". Sheria inamruhusu raia wa kawaida kumkamata mtu anayemuona anafanya kosa kubwa mbele yake. Kabisa, unaruhusiwa. Lakini ruhusa inaishia kwenye kumkamata na kumkabidhi polisi bila kuchelewa. Ukishamfunga kamba ukaanza kumpiga, umetoka kwenye sheria, na akifa wale walioshiriki kwa nia moja wanaweza kushtakiwa wote kwa mauaji, aliyeleta tairi, aliyeshika jiwe, aliyeenda kununua petroli. Hasira kali ni neno la magazeti, sheria haijampa mtu ruhusa ya kuua kwa sababu kakasirika pamoja na wenzake. Na kumbuka pale barabarani mtu anapopiga kelele za "mwizi" hajakwambia chochote zaidi ya shaka yake, inawezekana ni mwizi kweli, inawezekana wanadaiana, inawezekana anayepiga kelele ndo aliyeiba.

Watu wakisikia haya wananiuliza, sasa tunyamaze? Tukimuona mtu tunayemshuku tusiseme kwa kuogopa kushtakiwa? Hapana, na hapa sheria ina busara yake. Nenda kituoni au kwa mwenyekiti wa mtaa, sema ulichokiona kama ulivyokiona: "nimemuona fulani anatoka kwenye ule uzio saa kumi alfajiri kabeba gunia." Usiseme "fulani ni mwizi", hicho hukukiona. Ukitoa taarifa kwa nia njema na una sababu ya kushuku, hata kama baadae ikaonekana mtu yule hana hatia, wewe huna kosa, shaka yako ya kweli inakulinda. Anayejiweka pabaya ni aliyetunga. Kuwapa polisi taarifa unayojua ni ya uongo ni kosa la jinai, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamgusa pia anayesambaza habari mtandaoni akijua ni za uongo. Na aliyeshtakiwa kwa hila, kesi ikaisha kwa yeye kushinda, anaweza kufungua madai ya fidia dhidi ya aliyemshitakia, ila atatakiwa aoneshe kwamba yule mtu hakuwa na sababu ya maana ya kumshuku na alisukumwa na chuki. Vyote viwili, kwa pamoja.

Na kama uliweka picha ya mtu kwenye grupu siku alipokamatwa, kesi ikaisha ameshinda, basi iweke tena siku ile ya kushinda, kwenye grupu lile lile, kwa herufi kubwa zile zile. Nakala ya hukumu inapatikana mahakamani na mwenyewe anaweza kukupa, muombe.